Siku Moja, Milima Miwili: Safari ya Bwana na Bibi Wakati wa Mavuno



Katika ukurasa huu tumezungumza mara nyingi juu ya fedha, juu ya wakwe na juu ya malezi ya vijana. Mara hii tutashika jambo ambalo wengine wenu mtaliona ni anasa. Nalo ni hili: bwana na bibi watoke nyumbani asubuhi, wao wawili tu, waende kutazama milima, kisha warudi jioni. Hakuna matanga huko waendako, hakuna harusi, hakuna mkutano wa wazazi shuleni. Wanaenda kutembea.

Najua swali linalokuja. "Kwani mafuta ya gari ni ya kuchezea?" Hata mimi nililiuliza swali hilo kwa miaka 14 ya ndoa yangu, mpaka siku nilipounguza breki za gari chini ya Tambach, na bibi yangu akanipata hapo penye mteremko sina pa kukimbilia. Hayo nitayaeleza baadaye.

Wengi wetu husema kwamba tunaongea na wenzetu kila siku. Hebu yahesabuni maneno ya juma lililopita. "Ng'ombe amekamuliwa?" "Karo ya yule wa kidato cha pili imebaki ngapi?" "Simu yako inalia." Hayo ni maneno ya wafanyakazi wawili wa shamba moja. Nyumbani kuna sikio la mtoto nyuma ya kila pazia, kuna jirani mlangoni, na kuna televisheni inayopiga kelele hata wakati hakuna anayeitazama. Ndani ya gari mambo ni mengine. Mnaketi bega kwa bega, wote mkitazama mbele, na hakuna anayemkazia mwenzake macho. Neno gumu hutoka kwa urahisi zaidi likielekezwa kwenye kioo cha mbele kuliko likielekezwa usoni mwa mtu. Tena hakuna awezaye kuinuka katikati ya mazungumzo akasema anaenda kuangalia ndama.

Majira yapi?

Watu wa Ulaya na Amerika Kaskazini wana majira yao ya safari kama hizi. Ni Septemba na Oktoba hivi, wakati majani ya miti yanapogeuka manjano na mekundu kabla ya kupukutika, nao hupanda magari kwenda milimani kuyatazama tu. Wenye kamusi wameyapa majira hayo jina la vuli, ingawa kwa watu wa Pwani vuli ni mvua chache za Oktoba hadi Desemba. Sisi wa nyanda za juu za Bonde la Ufa hatuna miti inayopatana kupukutika kwa pamoja. Lakini tuna mahindi. Mahindi ya Uasin Gishu hupandwa Machi na Aprili, na ifikapo Oktoba na Novemba mashamba yaliyokuwa kijani yamegeuka rangi ya dhahabu iliyofifia. Mabua yamekatwa na kusimamishwa kwa mafungu, kama vibanda vidogo vya askari, kutoka kando ya barabara mpaka macho yanapokoma. Hewa iliyooshwa na mvua haina vumbi, na mlima wa mbali unaonekana kana kwamba uko nyuma ya boma la jirani. Hiyo ndiyo vuli yetu.

Ni majira mazuri, lakini yana hatari yake. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025, mvua ilibomoa ardhi huko Chesongoch, Marakwet Mashariki, na watu wengi wakafa wakiwa wamelala. Hapo ni kaskazini zaidi, lakini ukingo wa bonde ni ule ule tutakaouteremka katika somo hili. Mwaka 2019, Novemba vilevile, maafa kama hayo yaliipata Pokot Magharibi. Basi nawapeni amri moja isiyo na mjadala: ikiwa mvua kubwa imenyesha siku mbili mfululizo, ahirisheni. Mlima mtaukuta. Ukiniuliza mimi, ningechagua mwisho wa Novemba mvua ikishapungua, au mwanzo wa Desemba. Shule zimefungwa, kwa hiyo watoto wakubwa wako nyumbani kuwatunza wadogo na kukamua.

Kuna jambo lingine juu ya majira, na kwangu mimi hili lina uzito kuliko rangi ya mahindi. Nendeni kabla ya kuuza mavuno. Wengi hungoja fedha ziingie ndipo wafikirie kutembea. Lakini fedha zikishaingia, kila shilingi imekwisha kupata bwana wake, na mazungumzo yanakuwa ya kulaumiana juu ya zilizokwisha kutumika. Mahindi yakiwa bado ghalani, wote wawili bado mna la kuamua.

Njia yenyewe

Nimechagua barabara ya Eldoret hadi Kabarnet kupitia Iten, kwa sababu ndiyo niijuayo, na kwa sababu katika kilomita kama 90 za lami inawapitisha juu ya mlima, chini bondeni, na juu tena mlima wa pili. Aliye Nyeri, Meru au Taita ana milima yake. Namna ya kupanga ni ile ile.

Kutoka Eldoret hadi Iten ni tambarare ya mashamba, barabara inayopanda polepole bila ninyi kutambua. Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hapa dereva apunguze mwendo, kwa maana wanariadha hukimbia kando ya barabara makundi kwa makundi, hasa asubuhi, na gari ndilo linalopaswa kuwaachia nafasi. Mji huu ndio wenye shule ya St. Patrick's, alikofika Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha, akaishia kuwa mwalimu wa riadha. David Rudisha, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 kule London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, ni mmoja wa waliopita mikononi mwake.

Mkipita Iten ardhi inakatika ghafula. Mnasimama pembeni, na mbele yenu kuna Bonde la Kerio lote, na ng'ambo yake vilima vya Tugen kama ukuta wa buluu. Mto Kerio uko huko chini kabisa, ukielekea kaskazini mpaka Ziwa Turkana. Mimi nimezaliwa si mbali na hapo, na bado kila nikisimama naona kama nakuja mara ya kwanza.

Kisha mnateremka kwa kona nyingi. Mtapita Tambach, kituo cha kale kilichokuwa makao makuu ya serikali kabla ya Iten, na mahali alipowahi kufundisha Mzee Daniel arap Moi kabla hajaingia katika siasa. Mtafika Biretwo, bondeni, ambako joto litawashangaza. Kwa kawaida joto huongezeka nyuzi 6 hivi kila mnaposhuka mita 1,000, na hapa mmeteremka zaidi ya hizo. Miti ya baridi imetoweka, imebaki migunga na mbuzi. Mtavuka Mto Kerio penye korongo la Chebloch, mahali maji yalipojichimbia njia nyembamba kati ya miamba. Vijana wa hapo huruka kutoka juu ya mwamba hadi majini ili wapewe chochote na wapita njia. Mimi husimama nikatazama korongo, nikawasalimu, lakini siwalipi waruke. Kila mtu na dhamiri yake.

Toka hapo ni kupanda mpaka Kabarnet, mji ulio kama mita 2,000 juu, hewa safi, na nyama ya mbuzi wa Baringo ambayo sina haja ya kuisifu. Ni katika vilima hivi vya Tugen ambapo mwaka 2000 wataalamu walipata mifupa ya kiumbe waliyemwita Orrorin tugenensis, wa miaka kama milioni 6 iliyopita. Nilipomwambia bibi yangu hayo alijibu kwamba basi hata matatizo yetu si ya zamani sana.

Mkishakula, rudini kwa njia ile ile. Dereva mwenye tamaa atasema, "Tupitie Tenges na Eldama Ravine, tufanye mzunguko." Kataa. Mzunguko huo ni mrefu, utawafikisha nyumbani usiku mkiwa mmechoka, na safari itakuwa imegeuka kuwa kazi. Zaidi ya hayo, sehemu za kaskazini za bonde hili zimesumbuliwa na wezi wa mifugo kwa miaka mingi, hata Februari 2023 serikali ikatuma jeshi kusaidiana na polisi katika kaunti kadhaa za eneo hili. Kwa hiyo ulizieni hali ya njia siku mbili kabla, kwa mtu anayeishi huko. Msitoke kwenye lami kutafuta njia za mkato, na mwe mmerudi Iten kabla ya jua kuchwa.

Juu ya jua pia niseme. Mnaelekea mashariki asubuhi, kwa hiyo mkiondoka mapema mno dereva atapigwa na jua machoni kwenye kona mbaya kuliko zote. Ondokeni Eldoret saa tatu. Ondokeni Kabarnet kabla ya saa tisa. Mtafika tena ukingoni Iten yapata saa kumi na nusu, jua likiwa mgongoni mwenu na kuvimulika vilima vya Tugen mlikotoka. Hapo ndipo pa kusimama na kunywa chai ya chupa. Ikiwa mnakwenda Jumapili, shikeni Misa ya kwanza, ndipo muondoke.

Gari na breki zake

Sasa nieleze yaliyonipata.

Tulikwenda mwaka mmoja, mwezi wa Novemba, kwa sababu bibi yangu alikuwa ameomba mara tatu na ya nne nikaona haya kukataa. Gari letu lilikuwa la zamani lakini zima, au hivyo nilivyodhani. Kutoka Iten nilishuka kama kijana. Nilikuwa nimeweka gia huru ili, kwa hesabu zangu, niokoe mafuta, na kazi yote nikaiachia breki. Kona ya kwanza, breki. Kona ya pili, breki. Tulipopita Tambach tulisikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua. Nikakanyaga tena, na pedali ikazama chini laini kama nakanyaga mkate. Nilirudisha gia kwa nguvu mpaka injini ikapiga kelele, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, na kwa rehema za Mungu palikuwa na nafasi upande wa mlima, nikalielekeza gari hapo likasimama. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye magurudumu ya mbele.

Mpanda ngazi hushuka, lakini hakuna aliyenifundisha namna ya kushuka. Basi ninyi mjue. Breki hufanya kazi kwa kusuguana, na kusuguana huzaa joto. Ukizishika mfululizo kwenye mteremko mrefu, joto hilo halina nafasi ya kutoka, na mafuta ya breki yakichemka pedali huwa bure. Kwenye mteremko gari huzuiliwa na injini. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo, yaani ya pili au ya tatu. Gari lisilo na klachi lina alama ya 2 au L, nayo haikuwekwa kwa urembo. Kanyaga breki kwa muda mfupi na kwa nguvu, kisha achia zipoe. Wala gia huru haiokoi kitu. Gari la kisasa likiwa ndani ya gia mteremkoni, nawe hukanyagi mafuta, hukata petroli karibu yote lenyewe. Na zikishaungua, usizimwagie maji, maana chuma cha moto kikipigwa na maji hupinda au kupasuka. Zima gari, weka vizuizi nyuma na mbele ya magurudumu, simamisha pembe tatu barabarani, ungoje. Hata zikipoa na pedali ikarudi, nenda polepole mpaka kwa fundi wa kwanza utakayemkuta.

Kabla ya kuondoka, siku mbili mbele na si asubuhi yenyewe, fundi azitazame breki na mafuta yake, maji ya rejeta, magurudumu yote pamoja na la akiba, na jeki. Kwa petroli, hesabu ni rahisi. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 180. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita moja litataka lita 15, na kwa ajili ya milima mwongeze 3. Zidisheni kwa bei ya siku hiyo, na hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote za safari. Mwenye kupanda gari akutanapo na mwenye kushuka mahali pembamba, anayeshuka ndiye ampishe mwenzake.

Tulivyongoja

Tulikaa pale karibu saa nzima. Tulikuwa tumeketi juu ya jiwe, bonde lote liko miguuni petu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiliona.

Lazima niwaambie kwamba mwezi wa Machi wa mwaka huo nilikuwa nimechukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo. Nilitaka kununua kipande cha shamba kutoka kwa binamu yangu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka mwenzako wa ndoa akubali kabla hujaiweka rehani nyumba mnayoishi, lakini mkopo wangu ulitaka saini za wadhamini tu, nao walikuwa rafiki zangu watatu. Bibi yangu sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia hati ikitoka, iwe furaha. Hati haikutoka. Mwezi ukazaa mwezi, binamu akaacha kushika simu, na kila mwisho wa mwezi nilikuwa nikitunga uongo mpya juu ya mshahara.

"Baba," bibi yangu akasema, akitazama ng'ambo kule Kabarnet, "mkopo umebaki ngapi?"

"Mkopo gani?"

"Huo."

Alikuwa amejua tangu Juni. Mke wa mdhamini mmoja alimwambia walipokuwa wakipanga maua kanisani. Miezi mitano alikuwa amenyamaza, akinipikia, akinifulia, akiomba twende tutembee. Nikamweleza yote, na nilidhani atalia au atanitukana. Hakufanya hivyo.

"Pesa ni pesa," akasema. "Lakini hizi breki zingekataa kabisa dakika kumi zilizopita, sasa hivi ningekuwa mjane. Juma lijalo watu watatu wangesimama mlangoni pangu na karatasi zenye jina lako. Ningewaambia nini, Baba? Kwamba simjui mtu niliyeolewa naye?"

Sikuwa na jibu, na hata leo sina.

Breki zilipopoa tulikwenda mwendo wa kinyonga hadi Biretwo, fundi akabadilisha mafuta ya breki na kunikaripia mbele ya watu. Tulifika Kabarnet saa tisa kasoro, tukiwa tumechelewa na tuna njaa. Pale mezani, nyuma ya risiti ya nyama, tuliandika magunia tuliyotarajia. Yalikuwa 60. Tukaandika mangapi yabaki ya kula, mangapi ya karo, mangapi yaende kwenye mkopo. Yeye ndiye aliyeshika kalamu. Shamba hatukulipata. Binamu amerudisha sehemu, na sehemu nyingine nimeacha kuidai kwa sababu mama yake ni shangazi yangu na ni mzee. Mkopo tuliumaliza baada ya mavuno mawili.

Maneno na mahali pake

Msije mkafikiri nawashauri muunguze breki ili mzungumze. Nilichojifunza ni kwamba kila sehemu ya njia ina maneno yake. Kwenye tambarare ya kwanza semeni ya kawaida, juu ya mashamba ya watu na juu ya watoto, mpaka ulimi uzoee. Mnapoteremka, abiria asimwambie dereva jambo zito. Mtu aliye kwenye kona huku lori linapanda hahitaji kusikia juu ya deni, wala juu ya mimba ya binti. Asiyeendesha amwambie mwenzake anachokiona, maana dereva haoni kitu isipokuwa lami. Mambo mazito yangoje mpaka gari lisimame, na chakula kiwe kimeliwa. Mwenye njaa hasikilizi, anahesabu makosa.

Simu moja iwe wazi kwa ajili ya watoto, nyingine izimwe. Mkiwa na la kuuliza, ulizeni lile msilojua jibu lake. "Kwa nini hukuniambia?" mara nyingi si swali, ni kofi. Bibi yangu aliuliza deni limebaki ngapi. Hilo lilikuwa swali, na nililijibu.

Wengine watauliza kama wawabebe watoto. Kwa safari hii, hapana, isipokuwa anayenyonya. Siku nyingine muwachukue wote, nao watafurahi na watatapika kwenye kona, na itakuwa safari nzuri ya namna nyingine. Wala msimchukue rafiki wa familia "kwa vile kuna nafasi nyuma." Nafasi hiyo nyuma ni ya sweta, chupa ya chai, maji ya kunywa ya kutosha kwa kule bondeni, na kikapu kitupu. Kikapu ni cha asali ya Baringo, na cha maembe ya Kerio mkiyakuta yameiva. Masikio yakiziba kwenye mteremko, mezeni mate au tafuneni kitu.

Na wasio na gari? Kuna matatu za Eldoret na Kabarnet. Pandeni asubuhi, kaeni pamoja, mwachie mwenzako dirisha wakati wa kwenda, naye akuachie wakati wa kurudi. Maneno yenu yawekeni mpaka mfike, kwa sababu masikio ya matatu ni mengi kuliko ya nyumbani. Kisha tembeeni kwa miguu nje kidogo ya mji wa Kabarnet, ambako mtaona bonde kutoka upande wa pili, na muketi chini ya mti. Kuazima gari la shemeji sikupendi sana. Likipata mkwaruzo, mazungumzo ya mwaka mzima yatakuwa ya mkwaruzo.

Kabla ya kuondoka, kila mmoja aandike peke yake kwenye karatasi majibu ya maswali haya, na msionyeshane mpaka mkishakula. Ni jambo gani la mwaka huu ambalo sijamwambia mwenzangu? Ni jambo gani nahisi analijua, nami namwona ananyamaza? Nikifa kesho, ni nani atakayekuja mlangoni, na mwenzangu ana karatasi gani mkononi? Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo. Asiyeweza kujibu swali la kwanza anyamaze leo, ajibu safari ijayo, lakini aseme wazi kwamba lipo.

Sisi hurudi kila mwaka, mwisho wa Novemba. Mwaka jana bibi yangu ndiye aliyeshika usukani kutoka Iten, kwa kuwa amepata leseni. Alishuka kwa gia ya pili njia nzima, magari kumi yamejipanga nyuma yetu yakipiga honi, naye hakutazama kioo hata mara moja.